Pikipiki ya Kuunda: Mtumba wa Mjapani au Spea Mpya ya Mchina?

Ubishi huu haukosekani katika gereji yoyote ya Mwanakwerekwe au Jang'ombe, hapa kwetu Unguja, yenye pikipiki iliyovuliwa madigadi na kiti. Mwenye chombo anataka kukigeuza sura: hendeli za chini na kiti kifupi, mfano wa zile kafe resa za vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960, au matairi ya vibonge na eksozi ya juu, mtindo wa skrambla. Sura haibishaniwi sana. Kinachobishaniwa ni spea. Mmoja atakwambia tafuta mtumba wa Mjapani, chuma chake hakina mfano. Mwengine atakwambia nunua mpya ya Mchina au ya Mhindi, ikivunjika leo kesho umeshapata nyengine. Na kila mmoja anacho kisa cha mtu wa upande wa pili aliyekwama Tunguu usiku.

Pande zote mbili zina ukweli ndani yake, ila naona zinaanzia pabaya. Kabla ya kuuliza spea imetoka nchi gani, ingeulizwa kwanza itafungwa karibu na nini, na ikifa itapatikana wapi. Pikipiki ya kuunda haiharibiki sana kwa sababu ya kitu kimoja kibovu. Inaharibika kwa vitu viwili vizuri visivyoelewana.

Tuanze na mtumba, maana wanaoupenda hawaupendi bure. Foki ya pikipiki ya zamani ya Kijapani (ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu), haba (vitovu) za magurudumu, kabureta, hata kikombe cha taa, vingi vilitengenezwa kwa chuma na alumini ya kuaminika, na kromu yake ilipakwa kweli. Weka pembeni yake spoku mpya za bei ya chini, ukae Nungwi au Jambiani ambako upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka mlangoni, uone masika yakimalizika nani kati yao ameota kutu. Kabureta nayo ni hivyo hivyo. Ya mtumba iliyosafishwa vizuri, ambayo kitelezi chake hakijalika, hushika sailensa, yaani injini kunguruma kwa utulivu bila kuongezewa mafuta, kuliko ya kopi iliyotoka kwenye boksi leo.

Lakini neno "Mjapani" halimwambii mnunuzi spea imekaa wapi miaka yote hiyo. Ukiletewa foki ya mtumba, usiitazame kwa mbali ukasifu inavyong'ara. Ifute mafuta, kisha pitisha ukucha taratibu kutoka juu hadi chini, pale ambapo sili (mpira wa kuzuia mafuta) hupanda na kushuka. Ukucha ukikwama mahali, hata padogo kama ncha ya sindano, pana shimo la kutu. Sili mpya itakatika hapo, mafuta yatavuja, na yakifika kwenye pedi za breki utakuwa umenunua ajali. Halafu ilaze foki juu ya kioo uizungushe. Iliyopinda inajisema yenyewe. Muuzaji akikataa usifanye hivyo, bei yake hata iwe ndogo vipi, mwachie.

Tena kuna vitu ambavyo mtumba haufai kabisa, na hapa sioni cha kupimia mizani: beringi, pedi na viatu vya breki, cheni, sili, mipira, tairi. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (meno) nzuri, nalo limeshakauka likapasuka pembeni. Asili ya nchi hailiponyi.

Upande wa spea mpya una hoja nzito zaidi kuliko inavyodhaniwa na wanaoudharau, na hoja hiyo ina historia. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, pikipiki iliyokusudiwa nchi ambazo chombo kinapigwa kazi na huduma yake ni ya kubahatisha. Kamshafti, mhimili unaofungua vali, haikuwekwa juu na kuendeshwa kwa cheni. Iliwekwa chini, vali zikasukumwa kwa fito. Viwanda vya China vikaunakili muundo huo mpaka ukawa kama mali ya umma, na ndiyo maana pistoni, klachi na kabureta zake utazikuta katika maduka ambayo hata kibao hayana. Kwa mtu anayeunda chombo kisiwani, wingi huo ni sifa ya kiufundi kama sifa nyengine yoyote.

Sharti lake ni kujua kusoma. Kwenye injini hizi utakuta chapa kama 156FMI au 162FMJ. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita, F ni injini ya kupozwa na upepo, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni kundi la ukubwa: I ni cc 125, J ni cc 150. Silinda ya milimita 62 yenye mwendo wa pistoni wa milimita 49.5 inakupa cc 149 na kidogo. Hadi hapo sawa. Ila chapa hiyo haikwambii kama injini ni ya fito au ni ile ya cheni ya taiming, maana zote mbili hupigwa chapa moja. Ndipo mtu anaponunua seti ya gasketi ya "162" na kukuta matundu hayalingani, kisha anamlaumu Mchina. Fungua kifuniko cha vali utazame kabla hujaenda dukani, au bora zaidi nenda na gasketi ya zamani mkononi.

Kasoro ya kweli ya spea mpya ni kutolingana kwa ubora. Maboksi mawili ya rangi moja, kutoka rafu moja, yanaweza kuwa na sproketi (gurudumu la meno la cheni) moja ngumu na nyengine laini kama bati. Maneno "orijino" na "namba moja" yamechoka. Siku hizi hata feki huitwa namba moja. Anayejenga chombo chake kwa spea mpya tupu lazima awe na duka analolijua na fundi asiyeona haya kurudisha mzigo.

Na kurudisha mzigo kwetu si kama bara. Spea nyingi zinavuka kutoka Kariakoo kwa boti. Ukikosea kipimo, hujapoteza bei ya kitu tu. Umepoteza nauli ya kwenda, ya kurudi, na siku za kungojea. Aliyeko Wete au Konde, kule Pemba, anaongezea safari nyengine juu ya hiyo. Kwa hiyo kanuni ninayoiona inafaa ni hii: injini na fremu ziwe za kawaida kabisa, zile ambazo kila fundi ameshazifungua, na upekee wa chombo uwekwe kwenye vitu visivyoweza kukulaza njiani. Taa ya mtumba ya kupendeza ikifa, unafika nyumbani kwa uangalifu. Koili ya kuwashia plagi, ya aina moja tu kisiwa kizima, ikifa, hufiki. (Wenye Vespa wana bahati yao hapa. Bajaj waliwahi kuzitengeneza India kwa leseni ya Piaggio, na spea za asili hiyo ya Kihindi zimesaidia wengi, ingawa si kila kitu cha modeli moja huingia kwa nyengine. Ila Vespa haina fremu. Bodi ndiyo fremu. Mwenye hamu ya kukata na kuchomelea aiache ilivyo.)

Mahali ambapo ubishi huu unakuwa wa hatari ni mbele ya pikipiki. Kijana anapata foki nene na gurudumu lenye diski kutoka kwenye pikipiki kubwa, anafika gereji na furaha zake: "Ami, hii si itaingia tu?" Nilimsikia fundi mmoja wa makamo akijibu, "Kuingia itaingia, mwanangu. Kusimama ndiyo shughuli." Alikuwa sahihi kwa maana zote. Foki ikiwa ndefu kuliko ya awali, mbele inanyanyuka na chombo kinakuwa kizito kukata kona. Ikiwa fupi, kinakuwa chepesi mno na kutikisika kwenye mwendo. Kipande cha usukani kinatakiwa kilingane na beringi za kichwa cha fremu. Ekseli inatakiwa ilingane na haba.

Kisha ije breki yenyewe. Pampu ya mkononi na kalipa (kibanio cha pedi kwenye diski) ni jozi. Pampu yenye pistoni ya milimita 14 ina eneo la kama milimita za mraba 154. Ya milimita 12.7 ina kama 127. Kwa nguvu ile ile ya vidole, ndogo inatoa shinikizo kubwa zaidi kwa karibu asilimia 21, lakini mkono wa breki unaingia ndani zaidi kabla pedi hazijabana. Ukifunga pampu kubwa kwenye kalipa ndogo, utasikia breki ngumu kama jiwe ukadhani ni imara, kumbe haisimamishi. Ukifanya kinyume, mkono utagusa hendeli. Hapa ndipo ningemshauri mtu achukue seti nzima, pampu, bomba, kalipa na diski, kutoka chombo kimoja, iwe ya mtumba au mpya, kisha abadilishe sili na pedi. Mafuta ya breki ya DOT 4 nayo hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya kwetu haina upungufu wa unyevu. Chupa iliyokaa wazi rafuni usiikubali hata ukiongezewa.

Gurudumu nene la nyuma ndilo linalopendwa kuliko yote, na mimi ndilo linalonikera. Rimu ya inchi 1.85 ilikusudiwa tairi la 3.00-18 (upana wa inchi 3, rimu ya inchi 18) au karibu na hapo. Ukibana juu yake tairi la upana wa milimita 130, linajikunja likawa kama yai, sehemu inayogusa lami inapungua badala ya kuongezeka, na ubavu unaanza kusugua cheni. Kama unene ni lazima, inunuliwe rimu pana kwanza, ipimwe nafasi ya cheni, ndipo tairi.

Sproketi haina makuu, na ndiyo sehemu ya bei ndogo inayobadilisha tabia ya chombo zaidi. Meno 14 mbele na 42 nyuma ni uwiano wa 3.0. Weka 15 mbele, unapata 2.8, injini inapumua kwa mwendo ule ule. Kwa barabara za Unguja, ambazo nyingi ni tambarare, hilo ni jambo jema. Pemba, yenye vilima na mabonde yake, aliyebeba mtu nyuma atajuta na kurudi kwenye 14. Cheni zenyewe, 420 na 428 zina umbali sawa wa pini, milimita 12.7, ila upana tofauti. Sproketi ya 428 haiingii ndani ya cheni ya 420, na cheni ya 428 ikivishwa sproketi ya 420 itakaa lakini itacheza na kuzila zote mbili.

Waya ndipo pande zote mbili zinapofanya uvivu. Anayependa mtumba anatoa waringi mzima wa zamani na viungo vilivyogeuka kijani. Anayependa mpya anaunga waya nyembamba na kuzungushia tepu. Taa ya wati 35 kwenye volti 12 inakula karibu ampea 3. Ya wati 55 inakaribia 5. Sijui kwa nini mtu atumie fedha nyingi kwenye tenki la kupakwa rangi mbili halafu akose fyuzi. Pikipiki nyingi ndogo pia huwasha taa kubwa kwa umeme unaotoka jenereta bila kupita kwenye betri, unaopanda na kushuka na mwendo wa injini. Taa ya LED haiupendi umeme huo. Ihamishiwe upande wa betri, na rektifaya, kifaa cha kugeuza umeme wa jenereta uchaji betri, iwe na uwezo wa kuibeba.

Na bolti. Bolti za chuma kisichoota kutu zinaonekana ndiyo dawa ya chumvi, nazo kweli hazioti kutu. Ila zikikaa ndani ya alumini bila kitu katikati, kwenye hewa ya bahari, ni alumini inayoliwa, na baada ya misimu miwili bolti inatoka na nyuzi zake zote. Grisi kidogo kwenye nyuzi inatosha kuchelewesha balaa hilo.

Ukinilazimisha kuchagua, basi: injini na fremu mpya au za kawaida zilizojaa madukani, breki za seti moja, vitu vinavyolika viwe vipya siku zote, na mtumba wa Mjapani utumike kwa foki, haba na kabureta, ukishapita mtihani wa ukucha. Kwa aliyenacho chombo chengine cha kazini na hiki ni cha Ijumaa jioni kuzungukia Forodhani, hoja yangu inalegea. Huyo anaweza kungojea boti.

Limebaki jambo moja linaloelemea upande wa mtumba, nalo si la ufundi. Injini iliyofunguliwa kwenye chombo kisichojulikana ina namba yake, na namba hiyo haimo kwenye kadi yako. Fremu nayo ina namba iliyogongwa karibu na kichwa cha usukani, mahali ambapo ndipo watu hupenda kusaga na kuchomelea ili pawe laini. Fundi wa kuchomelea aambiwe asipaguse, na risiti ya injini ipatikane kabla ya rangi kupigwa, maana baada ya hapo hata trafiki mwenye subira atataka kujua kwa nini namba hazisomeki.