Boksi langu lilikimbia mpaka Singida

Mimi ni fundi simu hapa Dodoma, kibanda changu kipo karibu na soko la Majengo, na vioo vyangu vyote vinatoka Kariakoo. Dada yangu ndo ananinunulia, anapanga kwenye boksi, anazungusha salotepu mpaka kulifungua lazima utafute kisu, alafu anaandika kwa maka peni DOM NANENANE na namba yangu ya simu, anampa konda hela yake basi. Asubuhi limepanda jioni ninalo. Kwa bei ile na muda ule hamna kampuni ya nje itakayowashinda wenye mabasi wetu, hilo sibishi.

Shida ni siku likipotea. Wiki mbili zilizopita nimesimama stendi Nanenane, basi limekuja limeshusha watu limeondoka, boksi hamna. Napiga kwa konda hapatikani. Naenda dirishani kwao dada wa tiketi ananiuliza eti una uhakika lilipakiwa? Sasa mimi niliyeko Dodoma nitajuaje jamani, si ndo nimekuja kukuuliza wewe. Kumbe lilikua ndani ya buti chini ya magunia ya mtu linaelekea Singida. Lilirudi kesho yake usiku, kona moja imebonyea, vioo viwili vimepasuka, na siku nzima kuna mama mmoja muuza nyanya alikua anapita kibandani "fundi vipi simu yangu" mpaka nikawa namuona kwa mbali najifanya naongea na simu.

Sasa hapo ndo huwa nawakumbuka DHL, ile kampuni ya kusafirisha vifurushi nchi na nchi. Watu wanaona yale magari ya njano yenye maandishi mekundu wanajua hawa ni watu wa ndege na mizigo mikubwa, ila hawakuanza hivyo. Walianza 1969 San Francisco kule Marekani, jamaa watatu, Adrian Dalsey, Larry Hillblom na Robert Lynn, hizo herufi ni za majina yao ya ukoo. Walichoona ni kwamba meli inafika Honolulu alafu inakaa tu, kwasababu bila dokumenti forodha hawaruhusu kitu, na storeji inahesabu, yeyote aliyewahi kugomboa mzigo bandarini Dar anaelewa hayo maumivu. Wao wakawa wanazichukua zile dokumenti wanapanda nazo ndege, meli bado iko katikati ya bahari huku karatasi zishafika na ushuru unashughulikiwa, ikitia nanga mzigo unatoka. Na mwanzoni walizibeba kwenye mabegi yao kama abiria wa kawaida. Yani ni kile kile cha stendi, "kaka samahani unaenda Dar? naomba unifikishie hii bahasha kuna mtu atakupokea pale stendi ya Magufuli."

Kwa hiyo biashara yao toka siku ya kwanza ilikua habari ya mzigo itangulie mzigo wenyewe. Ndege zimekuja baadae.

Mwaka jana mtoto wa shangazi alitakiwa kutuma vyeti Ujerumani tukaenda DHL, bei iliniuma siwezi kudanganya, ila bahasha ilivyoondoka tulikua tunaiona kwenye simu. Usiku wa manane tunasoma imefika Leipzig, ndo kituo chao kikubwa cha Ulaya tangu 2008, ndege zinashuka usiku, mizigo inachambuliwa na kupakiwa upya kabla hakujakucha. Shangazi hata hajui Leipzig iko upande gani lakini alilala vizuri.

Sio kwamba ni malaika. Wajerumani wa Deutsche Post waliinunua yote 2002, na pale pale Marekani ilipozaliwa walishindwa na wapinzani wao FedEx na UPS mpaka 2009 wakaacha kabisa kusafirisha vifurushi vya ndani ya nchi. Kwahiyo ukubwa nao una mwisho wake.

Wenye mabasi sisi hatuwaombi ndege. Kitabu cha risiti wanacho, simu wanazo. Boksi lipewe namba, wa Dar amtumie meseji wa Dodoma kwamba basi fulani lina maboksi kumi na mbili ya kushuka kwako, likifika yahesabiwe kumi na mbili, kama ni kumi na moja basi haliondoki. Hiyo inahitaji mtaji gani? Wengine wananiambia tulia tumia SGR, tangu 2024 treni toka Dar inatumia masaa matatu na kitu tu. Ndugu yangu, lile boksi halikua na tatizo la spidi, lilikimbia vizuri sana mpaka likanipita.

Siku hizi namwambia dada apige picha namba ya basi na sura ya boksi likiwa ndani ya buti. Leo kanitumia zote mbili saa nne asubuhi. Sasa ni saa mbili usiku konda hapokei, ngoja nitafute koti niwahi Nanenane, upepo wa mwezi wa saba huku mnaujua wenyewe.