Anwani za kubandika kwenye majaribio: si zote za kufuta

Jaribio la programu ya tovuti, yaani msimbo unaoipima programu yenyewe, linafungua anwani /wateja/15/hariri, linajaza fomu, linabofya hifadhi. Kisha mtu anaamua neno "wateja" liwe "wanachama" kwenye anwani zote, na majaribio arobaini yanageuka mekundu (yanafeli) kwa mpigo. Fomu yenyewe inahifadhi kama kawaida. Kilichovunjika ni anwani zilizobandikwa ndani ya majaribio tu.

Wanaozipinga wana hoja. Kwenye Django, kiunzi cha kujengea tovuti, unaita reverse() kwa jina la ruti (kanuni inayounganisha anwani na ukurasa wake) na kupewa anwani. Rails, kiunzi kingine, nayo ina vitendakazi vinavyoishia na _path. Unabadilisha mahali pamoja, basi. Tovuti ikiongezewa lugha, anwani zikaanza na /sw/ au /en/, majaribio yanayotumia majina ya ruti hufuata bila kuguswa.

Ila jaribio linaloiuliza programu anwani, kisha likaipima programu kwa anwani hiyohiyo, ni mwanafunzi anayejisahihishia mtihani. Chukua kosa dogo: kwenye faili la ruti mtu ameandika /watej/. reverse() inarudisha /watej/, jaribio linaiomba, seva inajibu 200, yaani sawa. Kijani. Huku nje, viungo vilivyokwisha kutumwa kwa barua pepe vinagonga 404 (ukurasa haupo), na mfumo wa malipo unaoleta taarifa kwenye anwani uliyousajilishia haupati mtu wa kupokea.

Kwangu mimi swali ni nani mwingine anayeishika anwani hiyo. Kurasa za ndani za wasimamizi zitajwe kwa majina ya ruti. Zile zilizo mikononi mwa watu wa nje niziandike herufi kwa herufi, kwa makusudi, kwenye faili lao peke yao: anwani, na jibu linalotarajiwa. Faili hilo likiwa jekundu, linauliza jambo moja: umeweka 301 (elekezo la kudumu) ya kuwapeleka watu kwenye anwani mpya?

Poti (namba ya mlango ambao seva husikiliza) na njia za mafaili hazina mjadala: zisibandikwe. localhost:3000 (poti 3000 ya mashine yako mwenyewe) hugombana na seva nyingine iliyoachwa wazi. Omba poti 0, mfumo endeshi utakupa iliyo huru. Na folda ya /home/ ya mtu fulani haipo kwenye mashine ya mwenzake.

Wapo wanaokusanya anwani zote kwenye faili la konstanti (thamani zisizobadilika). Sipendi: hiyo ni orodha ya pili ya ruti, na mtu akibadilisha ya kwanza atairekebisha na hii kwa mazoea, bila kujiuliza nani nje anaitegemea.