Kisiwani, kila mgeni ni mdomo mmoja zaidi

Kimbunga kikipiga visiwa vya mbali, makundi yetu ya WhatsApp hapa Nairobi huwaka moto. Picha za nyumba zilizong'olewa mabati hazijasambaa vizuri, tayari mtu ameuliza: "Nani yuko tayari twende tukajitolee?" Nia ni njema, sibishi. Ninachobishia ni safari yenyewe. Wengi wetu tukienda tutakuwa mzigo, na heri tuambiane hivyo kabla hatujakata tiketi.

Barabara ya kisiwa ni bahari, na kimbunga kikishapita, boti nyingi huwa zimevunjika. Maji ya kunywa, mchele, maturubai, dawa, vyote vinasubiri vyombo vichache vilivyobaki. Wewe na begi lako mkipata nafasi, kuna magunia yameachwa gatini. Ukifika utataka pa kulala, pale ambapo mwenye nyumba mwenyewe analala nje, na ukiharisha utapanga foleni na watoto wake kwenye zahanati ile ile.

Mfano ninaourudia kila mjadala huu unapozuka ni wa Ufilipino. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, ambacho wenyeji hukiita Yolanda, kiliingia nchi kavu Guiuan kwenye kisiwa cha Samar, kisha kikavuka hadi Leyte. Bahari ilifurika hadi ndani ya mji wa Tacloban, na nchini kote walikufa zaidi ya watu 6,000. Mitaa ilijaa mbao, matope na magari yaliyopinduka. Nani aliisafisha? Shirika la Wabudha kutoka Taiwan, Tzu Chi, liliwalipa wakazi wenyewe peso 500 kwa siku, kama dola 11 za wakati ule, wachukue majembe na kusafisha mitaa yao. Mtu aliyepoteza kila kitu alirudi jioni na hela mfukoni, na soko likapata mnunuzi.

Sasa piga hesabu. Tuseme nauli ya kwenda Manila na kurudi ni dola 1,000. Hiyo ingelipa siku 90 za kazi kwa mtu wa pale. Wewe utashika koleo siku ngapi kabla mgongo haujakukataa?

Nilipoyasema haya kwenye kamati yetu ya kanisa, mama mmoja alinikatiza: "Kwa hivyo tukae tu, mwanangu?" Hapana, Mama. Tuchange. Mji huu unajua kuchanga: harusi, matanga, karo, mtu akitaja namba ya M-Pesa tu simu zinaanza kulia. Lakini tuchange pesa, si nguo. Mafuriko ya 2024 yalipofagia nyumba Mathare na Mukuru, nilisaidia kupanga misaada kwenye ukumbi mmoja. Nilikuta koti la suti lenye risiti ya dobi bado mfukoni, na mfuko mzima wa viatu vya visigino virefu. Nje, akina mama walikuwa wanaulizia sufuria na pedi. Ukumbi ulijaa nguo hadi tukakosa pa kuweka unga. Hebu wazia kulipia usafiri wa baharini wa mzigo kama huo, na soko la mitumba la Gikomba tunalo hapa hapa.

Wapo wanaopaswa kwenda. Muuguzi aliyezoea wodi ya kipindupindu. Fundi wa injini za boti. Mtu wa kuchimba na kusafisha visima. Hao waende, tena kupitia shirika ambalo tayari lina watu kule, si kwa kujitokeza tu ufukweni na tisheti mpya.

Tena kuna mahali ambapo sisi tuna kitu ambacho mgeni kutoka Ulaya hana. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Komoro kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na kisiwa cha Ibo kikaumizwa vibaya. Watu wa Ibo huzungumza Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili, na lugha za Komoro ni za ukoo huo huo. Muuguzi wa Lamu au Kwale angeelewana na bibi wa Ibo mapema kuliko daktari anayesubiri mkalimani. Sijui kwa nini mipango yetu ya kujitolea huyaangalia mataifa ya mbali na kuruka majirani hawa wa bahari moja.

Halafu kuna suala la wakati, na hapa ndipo huwa naudhi watu. Wiki ya kwanza kila mtu anataka kwenda. Lakini Haiyan iliangusha au kuharibu minazi mamilioni, na mnazi ukipandwa leo utakaa miaka sita au zaidi kabla haujazaa vizuri. Magogo yakiachwa yaoze, mbawakawa huzaliana humo na kushambulia minazi iliyosimama, kwa hiyo lazima yapasuliwe mbao au yaondolewe. Kazi hiyo ilihitaji misumeno na mafundi miezi mingi baada ya kamera kufungashwa.

Basi pendekezo langu kwa kamati ni hili: tuchange leo, tutume nusu. Nusu ya pili ikae benki hadi miezi minane ipite, kisha tuwaulize wenyeji wamekwama wapi. Mama yule bado hajakubali. Anasema pesa ya kanisa ikikaa benki miezi minane, itapatiwa kazi ya kupaka ukumbi rangi, na kwa hilo sina jibu zuri.