"Nitamtuma Fundi": Taarifa za Matengenezo kati ya Mpangaji, Msimamizi na Mwenye Nyumba

Mpangaji wa Dar es Salaam anayetoa taarifa ya bomba linalovuja hujibiwa, aghalabu siku hiyohiyo, "Sawa, nitamtuma fundi." Ni jibu la heshima, na mara nyingi anayelitoa ana nia ya kulitekeleza. Kasoro yake ni kwamba halisemi fundi atakuja lini, atafunguliwa mlango na nani, wala atalipwa kutoka mfuko wa nani. Wiki ikipita, mpangaji huanza kuona amedharauliwa. Akikumbusha mara ya pili na ya tatu, mwenye nyumba naye huanza kuona anasumbuliwa. Ugomvi unaofuata hujadiliwa kama suala la tabia, kwamba wenye nyumba ni wachoyo na wapangaji ni wakorofi. Kwa maoni yangu tabia ina sehemu ndogo katika jambo hili. Taarifa nyingi za matengenezo hukwama kwa sababu hupokelewa na mtu asiye na ruhusa ya kutoa fedha, na mwenye fedha huzipata zikiwa zimechelewa, zimepungua, au zimekwisha kugeuka malalamiko.

Sheria haijanyamaza kuhusu nani anatengeneza nini. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, katika kifungu cha 88, inamhesabu mwenye nyumba kuwa ameahidi, hata kama mkataba haukuandika hivyo, kwamba nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu siku upangaji unapoanza na itaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Na anapopangisha sehemu tu ya jengo, kwamba paa, kuta kuu na mifereji mikuu vitatunzwa. Kifungu cha 89 kinamtwika mpangaji wajibu wa kuitunza nyumba katika hali ya kuridhisha, uchakavu wa kawaida ukiondolewa, na kumruhusu mwenye nyumba kuingia kuikagua baada ya kumpa taarifa ya kutosha. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ina masharti yanayofanana na hayo katika vifungu vya 65 na 66. Hata hivyo vifungu hivyo havimpangii mwenye nyumba siku za kujibu taarifa ya kitasa kilichokwama, wala havitatui swali kama neno aliloambiwa mlinzi getini limemfikia bosi wake.

Mikataba ya pango nayo haisaidii sana. Ile ya kurasa mbili inayochapwa steshenari na kugongwa muhuri ofisi ya serikali ya mtaa huwa na sentensi moja tu juu ya jambo hili: uharibifu mdogo mdogo utakuwa juu ya mpangaji. Koki ni ndogo, hilo halina mjadala. Shimo la choo likijaa je? Mwenye nyumba atasema limejazwa na wanaolitumia, na hoja yake ina mantiki. Wapangaji watasema walilikuta karibu limejaa, na kwamba shimo ni sehemu ya nyumba kama lilivyo paa, na hoja yao ina mantiki vilevile. Bei ya gari la majitaka inatosha kugombanisha nyumba nzima, na kwa siku zote ambazo mabishano hayo yanaendelea harufu haimbagui aliye na haki.

Inafaa kuanza na nyumba ambazo mawasiliano yake ni mafupi kuliko yote. Katika nyumba za vyumba vinavyotazamana kwenye korido moja, ambazo bado ni nyingi Magomeni, Manzese na Temeke, mama mwenye nyumba mara nyingi anaishi chumba cha mbele. Koki ya uani ikivuja anaiona mwenyewe anapochota maji ya kuoshea vyombo. Haiandikwi taarifa, na hakuna mtu wa katikati. Matengenezo hayafanyiki haraka kwa sababu hiyo tu, kwani fedha huenda haipo. Lakini wapangaji wanajua kuwa haipo, na wanajua sababu yake, kwamba wiki iliyopita alilipa ada ya mjukuu au alipeleka mgonjwa hospitali. Ucheleweshaji uliofafanuliwa huvumilika kwa namna ambayo ukimya hauvumiliki. Upande wa pili wa ukaribu huo ni kwamba mpangaji hawezi kudai kwa sauti ya mkataba. Anayemsalimia mtu shikamoo kila asubuhi hana pa kusimama jioni kumwambia kwamba kifungu cha 88 kimevunjwa, na mpangaji kijana, hasa mwanamke anayeishi peke yake, huishia kuchanga na wenzake wakanunua koki na kunyamaza.

Hali ni tofauti katika majengo ya ghorofa mbili tatu yaliyojaa Sinza, Kimara na Mbezi, ambako mwenye mali anaweza kuwa Mwanza, Muscat au London, na kati yake na mpangaji wamo dalali, msimamizi na mlinzi. Tuchukue mfano wa taarifa moja inavyosafiri. Mpangaji anamwambia mlinzi: "Maji yanatoka kwenye dari ya choo, yanadondokea karibu na taa." Mlinzi anampigia msimamizi: "Kule juu kuna unyevu chooni." Msimamizi, ambaye ana nyumba nyingine kadhaa za kuangalia, anamtumia mwenye mali ujumbe wa sauti usiku: "Yule mpangaji wa juu bado analalamika." Hakuna aliyesema uongo. Lakini taa imetoweka katika hatua ya kwanza, maji yametoweka katika ya pili, na aliye London amebaki na habari ya mtu mlalamishi, ambayo jibu lake la kawaida ni kumwomba avumilie. Msimamizi analaumiwa kwa uzembe, ilhali mara nyingi hana hata shilingi 50,000 anayoweza kuitumia bila kuomba, na ameshajifunza kwamba kila ombi la fedha linamfanya aonekane anakula.

Upande wa mwenye nyumba unastahili kusikilizwa kwa makini zaidi kuliko unavyosikilizwa mitandaoni, ambako wapangaji ni wengi na wenye nyumba hukaa kimya. Kodi ya pango Dar es Salaam hulipwa kwa mkupuo, wa miezi mitatu, sita au mwaka mzima, na aliyeipokea mwezi wa kwanza keshaigeuza tofali, ada au rejesho la mkopo kabla ya mwezi wa pili. Taarifa anazopata ni za aina ya "Baba, choo kimeharibika", bila picha na bila kusema kama ni flashi, bomba la kuingiza maji au chemba iliyoziba. Fundi anakwenda na vifaa visivyofaa kazi hiyo, anarudi dukani, akifika tena mlango umefungwa kwa sababu mpangaji yuko kazini, na nauli zote mbili zinalipwa na mwenye nyumba. Wapangaji wengine humwita fundi wao wenyewe kisha wakaleta dai la kurudishiwa fedha bila risiti. Na wapo wanaokaa na kasoro tangu Agosti, wakaitaja masika yanapopamba moto, wakati mafundi wa paa wote wana kazi na bati limelowa kiasi kwamba hakuna anayekubali kulipanda.

Kuna pia suala la fedha ambalo mawasiliano mazuri hayawezi kulifuta. Majengo ya kupangisha ambayo serikali ya Tanzania iliyataifisha mwaka 1971 yaliwekwa chini ya chombo chake kilichoitwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Wapangaji wake walikuwa na ofisi inayojulikana ya kupeleka malalamiko, jambo ambalo mpangaji wa leo wa Kimara hana. Lakini kodi zilizodhibitiwa zilikuwa ndogo mno kulinganisha na gharama za kuyatunza, na ofisi inayopokea taarifa bila kuwa na fedha ya kuzifanyia kazi huishia kuwa stoo ya barua. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kisingizio hicho hakipo tena kwa mwenye nyumba binafsi anayejipangia bei sokoni. Ila somo lake linabaki kwa kila anayedhani kwamba kikundi cha WhatsApp cha wapangaji ni dawa ya paa bovu.

Malipo ya mkupuo yana athari nyingine isiyozungumzwa vya kutosha. Mpangaji aliyekwisha kulipa miezi sita hana chochote cha kumfanya mwenye nyumba aharakishe, hivyo hukusanya kero zake zote na kuzitoa siku ya kuhuisha mkataba, ambayo ndiyo siku mwenye nyumba anatafakari kupandisha kodi. Mambo mawili yanagongana mezani, na kila upande unaona mwenzake amekuja na silaha. Nairobi, ambako kodi hulipwa kila mwezi, kwa kawaida kwa M-Pesa, mazungumzo hayo hupata nafasi ya kufanyika mwezi kwa mwezi, yakiwa madogo. Sisemi kwamba wapangaji wa Nairobi wanatendewa vyema zaidi, kwani huko nako kuna amana ambayo kurudishiwa wakati wa kuhama ni vita vyake vyenyewe. Nasema tu kwamba ratiba ya malipo ndiyo huamua ratiba ya mazungumzo. Wanaoshauri mpangaji akate gharama za fundi kwenye kodi wanasahau kwamba, bila makubaliano ya awali, hatua hiyo inaweza kumgeuza yeye kuwa mdaiwa.

Je, kuandika kunasaidia? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu rekodi za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo ujumbe wa simu wenye tarehe na picha si kitu cha kupuuza iwapo shauri litafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tatizo ni kwamba ni wachache watakaopeleka koki barazani, na kwa wenye nyumba wengi barua ni dalili ya vita: "Amefikia hatua ya kuniandikia?" Njia inayofanya kazi, kwa ninavyoona, ni kupiga simu kwanza, kwa salamu zote zinazostahili, kisha kuandika baada ya mazungumzo: "Shikamoo baba. Kama tulivyoongea asubuhi, maji yanadondoka karibu na taa ya choo tangu Jumapili, picha hizi hapa. Umesema fundi atakuja Alhamisi, nitamwachia jirani ufunguo." Ujumbe huo hautishi, unasema hatari iko wapi, na unaifanya Alhamisi kuwa ahadi ya wote wawili.

Hata hivyo maandishi yana hatari yake, na mfano mzito umetoka Uingereza. Mtoto Awaab Ishak alifariki mjini Rochdale mwezi Desemba 2020, akiwa na umri wa miaka miwili, kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na ukungu katika nyumba ya shirika la nyumba za jamii, yaani nyumba zinazopangishwa kwa bei nafuu kwa wenye kipato kidogo. Baba yake aliutolea taarifa ukungu huo mwaka 2017 na akashauriwa apake rangi juu yake. Familia ilipoanzisha dai kupitia wakili mwaka 2020, utaratibu wa shirika ulikuwa kutoanza matengenezo hadi mawakili wakubaliane, na mambo yakasimama. Yaani kauli ya mdomo ilipuuzwa, na hatua ya kisheria ikagandisha kazi. Sheria iliyofuata, inayobeba jina la mtoto huyo na iliyoanza kutumika kwa nyumba za jamii Oktoba 2025, inagusa mawasiliano moja kwa moja: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, hatari nyingine kubwa ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na mpangaji apewe matokeo kwa maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi.

Kuihamisha sheria hiyo Dar es Salaam kama ilivyo kungekuwa mzaha. Inawalenga wamiliki wakubwa wenye ofisi, kumbukumbu na wakaguzi, si bibi mwenye vyumba sita Manzese. Inawafaa zaidi kampuni za usimamizi wa majengo ya Masaki na Oysterbay, ambazo tayari hutoa namba kwa kila taarifa. Namba hiyo ni hatua, kwa kuwa taarifa haiwezi tena kusinyaa njiani. Lakini nayo ina hila yake: mfumo hupima kazi zilizofungwa, hivyo fundi hubana bomba kwa mpira wa baiskeli, kazi ikafungwa, na wiki mbili baadaye ikafunguliwa kwa namba mpya kana kwamba tatizo ni jipya. Kampuni inaonekana ina kasi, huku mpangaji akideki sakafu ileile.

Kwa nyumba za kawaida, ambazo ndizo nyingi, badiliko ninaloliona la maana zaidi ni sentensi mbili za kuongezwa katika mkataba. Ya kwanza imtaje mtu mmoja anayepokea taarifa, kwa namba yake, ili kumwambia yeye kuhesabiwe kuwa ni kumwambia mwenye nyumba. Ya pili impe mtu huyo kiwango cha fedha anachoweza kutumia bila kuomba ruhusa, tuseme shilingi 100,000 kwa kazi moja, na kiasi hicho kitengwe siku kodi inapopokelewa, kabla hakijageuka tofali. Wenye nyumba watapinga, na pingamizi lao ni la kweli: koki ya elfu kumi itaandikiwa risiti ya elfu thelathini, na aliye Muscat hana namna ya kuhakiki. Picha ya kabla na baada inapunguza mwanya huo bila kuuziba. Iliyobaki ni hesabu ya mwenye nyumba mwenyewe, kati ya elfu ishirini anayoweza kuibiwa na dari ya jipsamu atakayoibadilisha nzima kwa sababu neno "taa" liliishia getini.