Mgeni Aliyekuja na Mrehani

Mimi nilitaka harufu nzuri dirishani, basi. Nikasimama Ngong Road pale wanapouza miche kando ya barabara, nikatoa mia tatu hamsini, nikapanda matatu na mrehani mapajani kama mtoto wa kuazima. Makanga akasema mti nao ulipe. Kisha ghorofa ya nne, lifti hakuna.

Wiki ya pili majani yana matundu. Nikamshuku mtoto. Nikashuku panya. Saa saba usiku naenda msalani, namulika tochi ya simu, naona mstari unang'aa ukutani kana kwamba mtu amepaka gundi: umetoka chunguni, umepita swichi, umefika karibu na meko. Mwisho wake yuko koa, mnene kama kidole gumba changu, pembe nje, ananitazama utadhani mimi ndiye niliyeingia bila hodi.

Nikainua chungu. Chini yake wengine wanne! Udongoni, mayai meupe kama sago. Na koa kila mmoja ni dume na jike papo hapo, kwa hiyo usiulize mama ni nani.

Ushauri ukaanza. Mama mboga: chumvi. Nikamwaga. Koa akayeyuka, kweli, na mrehani ukanyauka upande huo huo. Shangazi kwa simu: majivu. Shangazi, hapa tunapikia gesi, majivu nitoe wapi, nichome kabati? Maganda ya mayai nimeponda, koa akapita juu yake kama mheshimiwa anayekagua gwaride. Keateka, mwangalizi wa jengo letu, naye: "Mwagilia asubuhi, usiku udongo uwe umekauka juu." Maneno ya maana. Ila maji ya ploti hii huja saa nne usiku, na ya kwenye mtungi ni ya kuoga.

Kilichofaa ni bia. Unazamisha kisahani usawa wa udongo, unatia vijiko vitatu, harufu ya hamira inawaita, wanatumbukia. Mimi mwenyewe bia niliiacha Januari kwa sababu ya bei! Nikanunua chupa moja. Vijiko vitatu vya wageni. Iliyobaki mtu aimwage?

Mke wangu akatoka chumbani, akanikuta nimechuchumaa gizani, chupa mkononi, naunong'onezea mrehani: "Kunywa, ndugu yangu, kunywa tu."

Hakusema neno. Akarudi kulala na mlango akafunga.

Asubuhi kisahani kina watatu. Yule mnene hayumo. Ila mstari wake ukutani, ambao siku zote ulikuwa umenyooka, leo umepinda kushoto, ukapinda kulia, ukazunguka swichi mara mbili, kama wa mtu anayetafuta geti lake usiku wa mwisho wa mwezi.