Mzee Wangu Anajua, Mtandao Haujui

Mwaka jana mpwa wangu wa darasa la sita alipewa kazi ya shule: aandike historia ya kata yetu, huku upande wa Pangani, mkoani Tanga. Akanijia na simu mkononi. "Mjomba, humu hamna kitu." Nikaangalia. Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa na ukurasa wa kata: jina, wilaya, mkoa, postikodi, idadi ya wakazi kwa sensa ya 2012, basi. Chini yake ile sentensi inayosema makala bado ni mbegu, na kwamba anayejua zaidi anakaribishwa kuihariri.

Hatua chache kutoka tulipokaa, mzee wangu alikuwa barazani. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge. Anajua manamba, wale vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka wapi na walilala wapi, singa, yaani nyuzi za mkonge, zilianikwa uwanja gani, na kwa nini kiwanda cha kuchakata mkonge watu walikiita korona. Mpwa akamfuata babu yake, akarudi na kurasa tatu za daftari. Kazi yake ikaisha. Mimi ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Natumia intaneti tangu enzi za kulipia kwa saa kule kafe. Humo nimejifunza kufungua pampu ya maji na kuifunga tena, na humo nilielewa vipimo vya sukari vya mama yangu pale ambapo nilikuwa naona aibu kumuuliza daktari mara ya tatu. Kuna mtu aliketi akaandika yale yote, hanijui, hakunidai senti. Nilicholipia ni bando tu. Na mimi katika miaka yote hiyo nimeweka nini humo cha kumfaa mwingine? Sikukiona.

Wapo wanaosema msomaji asiyechangia ni mnyonyaji. Sikubaliani nao. Kisima kikichotwa sana hukauka, lakini makala ikisomwa na watu milioni moja haipungui hata herufi. Mwanafunzi aliyebakiwa na MB hamsini asome tu kwa amani. Ninayemlaumu ni yule anayejua jambo lisiloandikwa popote, anauona ukurasa mtupu, kisha anapita. Na huyo nilikuwa mimi.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003. Sasa ina makala zaidi ya 80,000, wakati za Kiingereza zimepita milioni 6. UNESCO inatuhesabu wasemaji zaidi ya milioni 200, kwa hiyo tusijitetee kwa uchache. Na tukinyamaza, nafasi yetu haitungoji. Inajazwa na tafsiri za mashine, na programu za akili mnemba nazo hujifunza Kiswahili kwa maandishi zinayoyakuta mtandaoni. Mtoto wa Tanga akiiuliza programu korona ni nini, ataambiwa habari za ugonjwa peke yake, maana ya mkonge hakuna aliyeiweka.

Kibera walilielewa hili mapema. Mwaka 2009 vijana wa pale pale walishika vifaa vya GPS, wakapita vichochoro wakiweka shule, zahanati, vyoo na sehemu za maji kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo yeyote anaweza kuijaza. Kabla ya hapo mtaa ule mkubwa wa Nairobi ulikuwa kama pengo kwenye ramani. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi kuchora mitaro na njia za maji kwenye kata zinazofurika. Mtaro upi umejaa takataka, anajua anayeishi kando yake.

Ugumu upo, na mkubwa ni chanzo. Wikipedia inataka habari iwe imechapishwa mahali panapoaminika, na mzee wangu hajachapishwa. Kanuni hiyo naiheshimu, kwani bila yake kila mtu angeandika ukoo wake ndio ulioanzisha mji. Lakini inatuuma sisi ambao maarifa yetu mengi bado yako vinywani. Nimeamua kugawa kazi. Kwenye ukurasa wa kata nimeweka yaliyomo vitabuni: Mjerumani Richard Hindorf kuleta miche ya mkonge mwaka 1893, mashamba ya kwanza ya Kikogwe hapo Pangani, na mambo ya vipande, zile kadi za kuhesabia siku za kazi. Ya mzee nimemrekodi kwa simu, jioni nne mfululizo, nikayaandika yote kwa maneno yake na kuyaweka mtandaoni kwa ruhusa yake, mtu yeyote ayatumie bila kuniomba. Hapo baadaye mtafiti akiyachukua na kuyachapisha, yatapata chanzo.

Baada ya wiki moja mtu nisiyemjua alisahihisha tahajia zangu mbili kule kwenye ukurasa wa kata na kuongeza idadi ya wakazi kwa sensa ya 2022. Sijui yuko wapi. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Jumapili nikamsomea mzee maneno yake. Alisikiliza amefumba macho, mpaka nilipofika kwenye njia ya troli za kubebea mkonge. Akainua mkono. Hapo nilimwelewa vibaya, akasema. Reli haikupita mbele ya kambi, ilizunguka nyuma, upande wa mto. "Futa hapo, mwanangu."

Nimefuta. Leo jioni anataka tuendelee na habari za mgomo.