Perugia Ililindwa, Roma Ikalipa

Juzi nilimsikia mpenzi mmoja wa historia akimsifu Romanos, aliyekaa Ravenna kama gavana wa Italia kwa niaba ya Kaizari wa Kirumi wa Konstantinopoli, kwa namna alivyoutwaa mji wa Perugia, katikati ya Italia, mwaka 592, na sifa zile zimenikera hadi leo. Ni kweli, na ninalikiri shingo upande, kwamba Perugia haukuwa mji wa kupuuzwa: Walombardi, kabila la Kijerumani lililoivamia Italia, wale wa Spoleto, walikuwa wameikaba Flaminia, barabara kuu ya kutoka Roma kwenda kaskazini, na njia iliyopita Perugia ndiyo iliyobaki kuiunganisha Roma na Ravenna. Tena Romanos aliupata kwa kumvuta upande wake Maurisio, mtawala wa Kilombardi aliyeushika mji huo.

Lakini gharama je? Papa Gregori Mkuu alikuwa amekwisha kufanya amani na Walombardi wa Toscana bila kuitoza dola chochote, na amani hiyo ikavunjwa mbele ya macho yake. Kisha askari wakaondolewa Roma na kupelekwa kulinda Perugia na Narni, jambo lisilo tofauti na kuezua nyumba kubwa ili kuezeka banda la uani. Agilulf, mfalme wa Walombardi, akashuka kutoka Pavia na jeshi kubwa, akauzingira Perugia kwa siku chache, akamkamata Maurisio na kumwua bila kukawia, halafu akaigeukia Roma ambayo sasa haikuwa na walinzi wa kutosha. Gregori, aliyekuwa akiwafafanulia watu kitabu cha Ezekieli, akalazimika kuyakatiza mahubiri yake. Aliwaona kwa macho yake Warumi waliofungwa kamba shingoni kama mbwa, wakiswagwa kwenda kuuzwa katika nchi ya Wafaranki. Huo ndio ushindi tunaoombwa tuupigie makofi!

Naye Kaizari Maurice, aliyekaa salama huko Konstantinopoli, alimwona Papa kuwa mjinga kwa kuziamini ahadi za Ariulf, mtawala wa Walombardi wa Spoleto. Gregori akamjibu mwaka 595, kwa adabu iliyojaa miiba, kwamba mjinga kweli ni mjinga, maana asingekuwa hivyo asingekubali kuyavumilia anayoyavumilia katikati ya panga za Walombardi. Mapatano yenyewe na Walombardi yalikuja kupatikana mwaka 598, Romanos akiwa amekwisha kufa na Kallinikos ameshika nafasi yake.